Ukifika miaka 12, utoto umekwisha: Maisha ya watoto wa kijijini Uingereza miaka 700 iliyopita

Ukiwa na miaka 12 ulikuwa unafanya nini? Fikiria kidogo kabla ya kuendelea. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi, tunagombania rimoti na ndugu zetu, tunatumwa dukani tunachelewa makusudi, na vita vikubwa pale nyumbani vilikuwa nani ataosha vyombo.

Sasa hebu nikupeleke mahali ambapo kijana wa miaka 12 alisimama mbele ya wanaume wa kijiji na kula kiapo kwamba atalinda amani ya mfalme. Baada ya hapo aliingizwa kwenye kikundi cha watu kama kumi hivi, na mmoja wao akiiba na kutoroka, kikundi kizima kinapigwa faini. Unaijua Nyumba Kumi? Karibu ni hiyo, ila hii ilikuwa na meno, na wewe wa darasa la sita uko ndani.

Mahali penyewe ni Uingereza, kati ya miaka ya 1200 na 1400 hivi. Na usianze kufikiria zile filamu za ngome, mapanga na mazimwi. Watu wengi kabisa wa zama hizo hawakuwahi kulala kwenye ngome hata siku moja. Walikuwa wakulima wa vijijini, wakilima ardhi ya kabaila. Sehemu kubwa yao walikuwa watwana, yaani watu waliofungwa kwenye ardhi ya mwenyewe. Hawakuwa huru kuhama, kuoza binti ama kumpeleka kijana shule bila ruhusa ya kabaila. Na ruhusa yenyewe ilikuwa ya kulipiwa.

Vijiji hivyo vilijaa watoto. Hao ndio nataka tuongee habari zao leo, kwa sababu kuna stori moja kuwahusu ambayo imezunguka miaka mingi na haina ukweli mwingi.

Stori ni hii. Mwaka 1960 mwanahistoria Mfaransa, Philippe Ariès, alichapisha kitabu ambacho hoja yake ilienea kama moto wa nyasi kavu: kwamba watu wa zama hizo hawakuwa na wazo la utoto kama tulilo nalo sisi. Mtoto akishaacha kulelewa mikononi, anahesabika mtu mzima mfupi. Wengine wakaongezea chumvi: ati kwa vile watoto walikufa sana, wazazi hawakujisumbua kuwapenda.

Ukiisikia mara ya kwanza unaweza kuimeza nzima. Lakini wanahistoria waliokuja baadaye, kama Barbara Hanawalt na Nicholas Orme, walienda kuchimba kwenye rekodi za watu wa kawaida na wakakuta picha tofauti. Wazazi walijua mtoto ni mtoto. Walimlilia, walimwimbia, walimkimbiza kwa watakatifu akiugua. Shida haikuwa mapenzi. Shida ilikuwa kwamba kesho ya mtoto haikuwa mikononi mwa mzazi, sembuse mikononi mwa mtoto mwenyewe.

Tunajuaje haya yote?

Swali zuri. Watoto wa watwana hawakuandika shajara. Wengi hawangeweza hata kusoma majina yao. Lakini waliacha alama.

Alama ya kwanza ni mifupa. Kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kuna kijiji kilichokufa kinachoitwa Wharram Percy. Familia za mwisho ziliondolewa karibu mwaka 1500, wakati wenye ardhi waliona kondoo wanalipa kuliko watu. Kuanzia 1950 hadi 1990, wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wakirudi pale kila kiangazi kuchimba. Kwenye uwanja wa kanisa walifukua mifupa ya watu karibu 700, wakiwemo watoto wengi sana.

Alama ya pili ni faili za vifo. Tangu 1194 kulikuwa na maafisa wa mfalme ambao kazi yao ilikuwa kuchunguza vifo vya ghafla. Mtoto akizama kisimani, afisa anakuja, anaita majirani, anauliza ilikuwaje, anaandika. Alama ya tatu ni rekodi za mahakama za makabaila, ambako kila senti ya faini iliandikwa. Na ya nne ni visa vya miujiza vilivyokusanywa kwenye makaburi ya watakatifu, vingi vikiwa ni vya wazazi waliofika pale na mtoto mgonjwa begani.

Ukiunganisha hizo nne, unaanza kuwaona.

Unazaliwa leo, unabatizwa leo

Tuseme wewe ndiye mtoto huyo. Kuna uwezekano mkubwa sana kwamba jina lako ni John ama William, na kama ni msichana, Alice, Agnes ama Joan. Majina yalikuwa machache na kila mtu aliyatumia. Mara nyingi hupewi jina na mathe wala buda. Anayekupa ni mmoja wa wazazi wako wa ubatizo, na kwa kawaida jina ni lake mwenyewe. Ndiyo maana ungeweza kukuta nyumba moja ina John wawili, wote ndugu, wote hai.

Ubatizo ulifanywa siku ileile ya kuzaliwa ama karibu na hapo. Haraka ya nini? Kanisa lilifundisha kwamba mtoto akifa bila kubatizwa haingii mbinguni, na hawezi kuzikwa kwenye ardhi takatifu pamoja na wenzake. Kwa hivyo mkunga aliruhusiwa kabisa kumbatiza mwenyewe pale kitandani mambo yakienda mrama. Na yalienda mrama mara nyingi. Makadirio ya kawaida ya wanahistoria ni kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne hakufikisha mwaka mmoja.

Ukinusurika, unafungwa vitambaa mwili mzima kama chapati ya kubeba, kwa sababu waliamini hilo linanyoosha mifupa, na unawekwa kwenye susu karibu na moto. Mathe anakunyonyesha. Wataalamu walipopima kemikali zilizobaki kwenye mifupa ya watoto wa Wharram Percy, waligundua kwamba kina mama wa pale walinyonyesha kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Mama maskini wa miaka ya 1300 hakuwa na kliniki wala muuguzi wa kumshauri, lakini alijua maziwa yake ni kinga.

Nyumba yenye moto katikati

Sasa angalia keja yenyewe. Ukuta wa fito na udongo, paa la nyasi, sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Moto unawaka katikati ya chumba, hakuna dohani, moshi unajitafutia njia kupitia paani. Kwenye nyumba nyingi, ng'ombe wanalala upande mmoja na watu upande wa pili wa paa lilelile. Kuku wanaingia na kutoka. Nguruwe naye akipata mlango wazi, ni mgeni.

Hapo ndipo faili za vifo zinaanza kuumiza moyo. Mtoto mchanga yuko kwenye susu, majani makavu yamemzunguka, kuku anachakura motoni, kaa linaruka. Mtoto wa mwaka mmoja na kitu ameanza kutembea, anavuta sufuria ya maji moto. Mwingine wa miaka miwili anaenda kuangalia bata, anateleza mtaroni. Visima havikuwa na ukuta. Na visa vya namna hii viliongezeka msimu wa kazi nyingi shambani, wakati wazazi wote wawili wako mbali na mtoto wa miaka mitano ameachiwa kulea wa mwaka mmoja.

Kuna jambo kwenye faili hizo ambalo haliniondoki. Sheria ilisema kitu kilichosababisha kifo ni mali ya mfalme. Kwa hivyo afisa akimaliza kuandika jinsi mtoto alivyokufa, anaandika pia thamani ya sufuria. Familia imezika mtoto, na bado inadaiwa bei ya sufuria iliyomuua.

Lakini faili hizohizo zinaonyesha pia nani aligundua na nani alipiga mayowe. Mara nyingi ni mama, ama dada mkubwa, ama jirani aliyesikia kilio akaacha kila kitu.

Nikupe kisa kimoja chenye mwisho mwema. Mwaka 1288, katika kijiji cha Marden karibu na mji wa Hereford, msichana wa miaka mitano anayeitwa Joanna aliingia kwenye bwawa la samaki. Wazazi wake, Adam na Cecilia, walikuwa wamekaa na wanakijiji wengine kwenye nyumba ya pombe pale karibu. Watoto walikuwa wanacheza wenyewe nje, mambo ya kusukumana. Joanna alipotolewa majini kila mtu aliona amekufa. Watu wakaanza kumwomba Thomas Cantilupe, askofu wa Hereford aliyekuwa amefariki miaka sita kabla. Joanna akapata uhai tena.

Mwaka 1307, wajumbe wa Papa walipokuja kuchunguza kama askofu huyo anafaa kutangazwa mtakatifu, familia hiyo iliitwa kutoa ushahidi. Ilikuwa imepita miaka 19 lakini wazazi walikuwa bado wanaikumbuka siku ile. Niambie, hao ni watu ambao hawakujali watoto?

Na hawakuwa peke yao. Mtoto akiugua sana, wazazi walichukua uzi, wakampima kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha wakatengeneza mshumaa wa urefu uleule wa kupeleka kwenye kaburi la mtakatifu. Wengine walichukua sarafu ya fedha, wakaipinda juu ya mgonjwa kama ahadi kwamba pesa hii sasa ni ya mtakatifu, haitatumika kwa kitu kingine. Kwa mtu anayehesabu kila peni, hilo si jambo dogo.

Kazi inakuja kidogo kidogo

Hakuna aliyeamka siku moja akaambiwa umekuwa mfanyakazi. Kazi iliingia polepole, kama vile ulivyoanza kwa kutumwa chumvi kwa jirani ukajikuta unapika ugali wa familia nzima.

Ukiwa na miaka minne mitano, unamfuata mathe. Unaokota kuni, unalisha kuku, unambembeleza mdogo wako. Ukifika saba nane, unapewa bata bukini uwachunge, ama unatumwa shambani na mawe mkononi kufukuza ndege wasile mbegu. Mavuno yakiisha, unaingia shambani na wazee na maskini kuokota masuke yaliyobaki, kama Ruthu kwenye Biblia. Vijiji vingi vilikuwa na sheria kwamba mtu mwenye nguvu za kuajiriwa haruhusiwi kuokota. Hicho kilikuwa chakula cha wasiojiweza, na watoto walihesabiwa humo. Yaani kijiji chenyewe kilijua kwamba mtoto si mtu mzima mfupi.

Wasichana walichota maji, walikamua ng'ombe, walisokota nyuzi za sufu na kusaidia kutengeneza pombe ya shayiri. Wavulana walienda na baba kwenye plau. Plau ya zama hizo ilivutwa na ng'ombe hata wanane, na ilihitaji watu wawili: mmoja kushika plau, mwingine kutembea kando na fimbo yenye ncha akiwaswaga ng'ombe. Huyo wa pili mara nyingi alikuwa kijana mdogo. Kuna kitabu cha kufundishia Kilatini kilichoandikwa na mtawa mmoja, Ælfric, karibu mwaka 1000, na ndani yake mkulima anasimulia kuhusu kijana wake wa plau: sauti imemkauka kwa baridi na kupiga kelele. Miaka 1000 imepita na bado unamwona mangware, pumzi inatoka kama moshi, anaita ng'ombe wasiomsikiliza.

Na mchezo je?

Walicheza, bana. Walicheza sana. Hizo faili za vifo zenyewe zimejaa watoto waliokuwa wanacheza: kando ya maji, juu ya miti, karibu na mikokoteni.

Nguruwe walichinjwa mwanzo wa baridi, mwezi wa Novemba, na kibofu kikabaki kwa watoto. Unakipuliza, unatia maharagwe makavu ndani yapige kelele, unakifunga, mpira tayari. Sisi tulifunga karatasi za nailoni na kamba, wao walitumia kibofu, lakini mbogi ni ileile. Kulikuwa na mchezo wa kurusha mbegu za cheri kwenye shimo ardhini, na mtu yeyote aliyecheza bano angeuelewa kwa dakika moja. Kulikuwa na pia, wanasesere wa matambaa na filimbi za vijiti.

Huko London, kwenye matope ya mto Thames, watu wameokota vitu vya kuchezea vya madini: visahani, vijagi, na askari mdogo juu ya farasi wa karibu mwaka 1300. Vilitengenezwa kwa kalibu, kimoja baada ya kingine, maana yake kulikuwa na soko. Mtu hawezi kuwa na biashara ya vitu vya watoto mahali ambapo hakuna wazo la utoto. Mtoto wa kijijini labda hakuwahi kukigusa kitu cha aina hiyo. Vyake vilikuwa vya mti na majani, na vimeoza zamani.

Sikukuu nazo zilikuwa nyingi. Krismasi ilikuwa siku 12, na mwaka mzima ulikuwa na siku za watakatifu ambazo kazi ilisimama. Kwa hivyo usiwaonee huruma kila saa. Walikuwa na jioni ndefu za kiangazi, mto, na kundi zima la rika lao.

Kile mifupa inakataa kuficha

Lakini turudi kwenye uwanja wa kanisa wa Wharram Percy. Mtaalamu wa mifupa Simon Mays alipopima watoto waliozikwa pale, alikuta kwamba kijana wa miaka 14 alikuwa na urefu unaokaribia wa mtoto wa miaka 10 wa siku hizi. Soma hiyo tena. Miaka minne ya kukua ilikuwa imeliwa na njaa na magonjwa.

Dishi la kila siku lilikuwa mkate mweusi na supu nzito ya shayiri, njegere, kabichi na vitunguu, na nyama kwa bahati. Mwaka wa mavuno mazuri inatosha. Mwaka mbaya, hapana. Kati ya 1315 na 1317 mvua ilinyesha bila kukoma, ngano ikaozea shambani, na Ulaya kaskazini nzima ikaingia kwenye njaa kuu. Kisha mwaka 1348 tauni ikafika Uingereza, ikaua kati ya theluthi na nusu ya watu. Iliporudi 1361, iliwachukua watoto wengi kiasi kwamba watu waliiita tauni ya watoto.

Ajabu ni kwamba waliofika utu uzima Wharram Percy hawakuwa wafupi kama unavyodhani. Wanaume walikuwa karibu sentimita 169. Mwili uliendelea kukua polepole hadi miaka ya ishirini, ukijaribu kulipa deni la utotoni.

Nani anasema utoto umeisha?

Hapa ndipo penye moyo wa stori yenyewe.

Sheria za zama hizo hazikuwa na umri mmoja wa kuwa mtu mzima. Kila mwenye mamlaka alichora mstari wake mahali panapomfaa. Kiapo cha kijiji kilikuwa kwa wavulana wa miaka 12. Kanisa lilisema msichana anaweza kuolewa akiwa na 12 na mvulana kuoa akiwa na 14, ingawa wanakijiji wengi walichelewa sana zaidi ya hapo kwa sababu ndoa ilihitaji shamba na nyumba. Wengi waliondoka kwao wakiwa vijana kwenda kuishi na kufanya kazi kwenye nyumba za watu wengine, mwaka baada ya mwaka, wakiweka akiba.

Serikali nayo ilitaka kodi. Mwaka 1377 ikaleta kodi ya kichwa, peni nne kwa kila mtu kuanzia miaka 14. Ile iliyoidhinishwa mwishoni mwa 1380 ilikuwa peni 12 kwa kila aliyetimiza miaka 15, na hiyo ndiyo iliyowasha uasi mkubwa wa wakulima wa 1381. Kodi ya kichwa: babu zetu hapa Kenya walikuja kuijua vizuri, mkononi mwa serikali ya hao hao Waingereza.

Halafu kuna sheria ya 1388. Baada ya tauni, vibarua walikuwa wachache na waliobaki walianza kudai mshahara wa maana. Wenye ardhi wakaogopa. Bunge lililokutana Cambridge likapitisha kwamba mtu yeyote, mvulana ama msichana, aliyefanya kazi ya shamba hadi miaka 12, abaki kwenye kazi hiyo. Haruhusiwi kwenda kujifunza ufundi. Useremala, uhunzi, ushonaji, sahau. Ulishika plau ukiwa mdogo kwa sababu nyumbani mlihitaji mkono wako, sasa mkono huo si wako tena.

Unaona ujanja wake? Mtoto hakuchagua kuanza kazi. Lakini kule kuanza kwake ndiko kulikotumika kumfunga maisha.

Na shule je? Njia moja ya mtoto wa mtwana kutoka ilikuwa kusoma awe padri. Padri hashiki plau ya mtu, kwa hivyo kabaila akipoteza kijana kwa shule amepoteza mfanyakazi na kizazi chake. Ndiyo sababu rekodi za mahakama zao zina mistari mingi ya aina moja: mkulima amelipa ili mwanawe aruhusiwe kwenda shule, ama amepigwa faini kwa kumpeleka bila kuuliza. Mwaka 1391 wabunge walimwomba mfalme Richard wa Pili apige marufuku kabisa watoto wa watwana kusoma. Mfalme akakataa.

Mimi niliacha chuo karo iliposhinda watu wa nyumbani. Kwa hivyo ninapofikiria mkulima wa miaka ya 1300 akihesabu peni mbele ya karani wa kabaila ili mtoto wake ashike kitabu, simuoni kama mtu wa historia. Namuona kama buda yangu kwenye foleni ya benki, ameshika risiti.

Mwaka 1406 sheria nyingine ikapita, na ilikuwa na sura mbili. Sura ya kwanza: mzazi asiye na ardhi ya kumpa angalau shilingi 20 kwa mwaka haruhusiwi kumpeleka mtoto mjini kujifunza ufundi. Mlango ukafungwa. Sura ya pili: kila mwanamume na mwanamke, wa hali yoyote, yuko huru kumpeleka mwana ama binti yake shule. Mlango mwingine ukafunguliwa, kwenye karatasi. Shule zenyewe zilikuwa chache, nyingi zilitoza ada, na msichana wa kijijini kwa kweli hakuwa na pa kwenda. Lakini tangu siku hiyo hakuna kabaila aliyeweza kusema sheria iko upande wake.

Wachache walipenya hata kabla ya hapo. William wa Wykeham, mtoto wa familia ya kawaida kutoka kijiji cha Wickham kule Hampshire, alisoma, akapanda hadi akawa askofu wa Winchester na chansela wa mfalme. Mwaka 1382 alianzisha shule pale Winchester kwa ajili ya wanafunzi maskini 70. Shule ipo hadi leo. Kwa kila William mmoja, kulikuwa na maelfu waliokuwa na akili kama yake na wakafa wakichunga bata wa mtu mwingine.

Leo Katiba ya Kenya inasema mtoto ni yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Tunaisoma kama kitu cha kawaida, kama vile jua kuchomoza mashariki. Lakini mstari wa umri huchorwa na watu, na kila ulipochorwa, kuna aliyetaka uwe chini zaidi kwa sababu mkono wa mtoto ni rahisi. Ukiwa mjini unaweza kumwona hata sasa: yule dada wa kazi ambaye hakuna anayeuliza umri wake, yule kijana anayesukuma mkokoteni saa nne asubuhi siku ya shule.

Kwenye rekodi za zamani zile, wale vijana walioenda shule kwa faini hawajaelezewa. Hatujui walipenda nini wala sura zao zilikuwaje. Kilichoandikwa ni jina la baba, neno shule, na kiasi kilicholipwa. Karani alidhani anaandika hesabu ya pesa za kabaila. Bila kujua, alikuwa anaandika jinsi mtu asiye na kitu alivyompenda mtoto wake.

Kwa hivyo mtu akikuambia tena kwamba zamani wazazi hawakupenda watoto kwa sababu walizoea kuzika, mwambie aende akasome zile faini.